Mhitimu anayejisomea akosa wa kumwambia "hapa yatosha"

Zamani, mtu aliyetaka kuendelea kujielimisha baada ya kuagana na shule alilalamikia uhaba. Kitabu alichokihitaji kilikuwa katika duka moja jijini Nairobi ilhali yeye yuko Bungoma au Taveta. Na hata kikipatikana, bei yake ilimlazimu kuchagua kati ya kusoma na kula. Leo malalamiko yamegeuka. Vijana waliohitimu vyuo vikuu, ambao hunijia jioni kuniuliza la kufanya, hawaniambii kwamba hawana cha kusoma. Wananiambia kwamba wanacho kingi mno, na kwamba wingi huo umewashinda.

Naandika kutoka Kware, mtaa ulio katika eneo bunge la Embakasi Kusini, jirani na Pipeline na Mukuru kwa Njenga. Msomaji akilisikia jina hili huenda akamkumbuka yule ndege wa vichakani. La hasha, Kware yetu ni machimbo ya mawe, neno la Kiingereza lililotafunwa na ndimi zetu hadi likawa letu. Wengi walio nje ya Nairobi walilisikia kwa mara ya kwanza Julai 2024, miili ya watu ilipoopolewa katika shimo la machimbo lililogeuzwa jaa. Lakini mtaa hauishi kwa habari hiyo moja. Ghorofa za orofa saba na nane zimesongamana hapa hadi dirisha la huyu latazama sufuria ya yule. Alfajiri barabara hujaa watu waendao kwa miguu kwenye viwanda vya Industrial Area. Na pamoja nao, jambo ambalo watu wa mitaa ya kifahari hawalidhani, wamo wahandisi, wanatakwimu na wanakemia wenye shahada zao, ambao chumba kimoja cha hapa ndicho pekee wanachoimudu kodi yake huku wakingoja kazi.

Nimchukue mmoja wao awe mfano. Jina lake nalihifadhi. Alihitimu uhandisi wa umeme mwaka 2021. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili afike huko, na wadogo zake wawili wangali shuleni wakimtazama yeye kama mtu wa kuwavusha. Mchana hutengeneza simu katika kibanda cha rafiki yake, usiku hujisomea. Alitaka kujifunza kuandika programu, kuchanganua takwimu, na kuunda vile vidude vidogo vya kielektroniki vinavyoweza kupima na kuamuru mashine. Nia njema kabisa. Lakini aliponionyesha tarakilishi yake kuukuu, nilikuta kozi kumi na moja alizozianza, na hakuna hata moja aliyoimaliza. Katika ile aliyofika mbali zaidi alikuwa amekwama kwenye sura ya tatu. Vitabu alivyokuwa amevipakua vilizidi mia tatu. Kila alipofika mahali mwalimu wa kozi anataja jambo asilolijua, alifungua kozi nyingine ya kulieleza jambo hilo. Nayo ikataja jingine, naye akafungua ya tatu. Usiku ulikwisha hivyo, na bando likaisha pamoja nao. Alininong'oneza kwamba kuna wiki ambazo alinunua bando kabla ya kununua unga.

"Mwalimu," aliniambia, "nadhani akili yangu imechakaa."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu, kwa kuwa nimeisikia kwa vinywa vingi sasa. Kijana aliyefaulu hesabu na fizikia katika mtihani wa taifa, akamaliza miaka mitano ya uhandisi, aamka akiwa na umri wa miaka ishirini na minane akajitangaza kuwa mjinga. Ni uamuzi wa kikatili, tena hauna ushahidi.

Hebu tuutazame ukubwa wa kile anachopambana nacho. Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti, nayo yalikuwa ya polepole na ghali. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na mlango ukafunguka. Nyuma ya mlango huo palikuwa na nini? Chuo cha MIT cha Marekani kilikuwa kimetangaza mwaka 2001 kwamba kitatoa masomo yake bure kwa yeyote. Leo masomo hayo yanapita 2,500. Hazina ya arXiv, wanamohifadhi makala zao wanafizikia, wanahisabati na wataalamu wa tarakilishi, ilifikisha makala milioni 2 mapema mwaka 2022. Mtu anayejifunza lugha ya Python, ambayo wengi huianza kwa sababu husifiwa kuwa nyepesi, ana vifurushi zaidi ya 500,000 vilivyoandikwa na wengine ambavyo aweza kuvichukua akavitumia. Na kampuni ya YouTube imepata kusema kwamba kila dakika inayopita hupokea video zenye urefu wa saa zaidi ya 500. Piga hesabu, mwanafunzi: ili kutazama kilichopakiwa katika dakika moja tu, itakubidi ukae macho siku 20 na ushee bila kulala wala kula. Na wakati huo dakika nyingine zitakuwa zimepita.

Herbert Simon, mtaalamu wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alikuwa ameyaona haya mapema. Mwaka 1971, kabla tarakilishi haijaingia nyumbani kwa mtu, alieleza kwamba habari nazo zina kitu zinachokitafuna, nacho ni uangalifu wa mwenye kuzipokea. Penye habari tele, uangalifu huwa haba. Wengi humnukuu Simon kama mtu aliyelalamikia wingi. Mimi humsoma kama mtu wa hesabu za matumizi. Ikiwa uangalifu ndio uliopungua, basi uangalifu ndio unaopaswa kuwekewa bajeti, kama tunavyoweka bajeti ya kodi na mafuta ya taa.

Lakini kwa nini wingi huu haukumwangusha kijana wetu alipokuwa chuoni? Maktaba ya chuo kikuu ina vitabu ambavyo hakuna mwanafunzi atakayevimaliza maishani mwake, na intaneti ilikuwepo vilevile. Jibu ni kwamba chuoni kulikuwa na watu waliokuwa wakimfanyia kazi moja kubwa asiyoiona. Mhadhiri aliingia darasani akiwa amekwisha kuamua mambo elfu ambayo hatayafundisha. Alimwambia: someni sura ya pili na ya nne, ya tatu iacheni. Alimwekea tarehe ya mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa ni mpaka, maana ulimwonyesha mahali pa kusimama. Mwanafunzi hulalamikia muhtasari wa masomo kwa kuuona mwembamba. Hajui kwamba wembamba huo ndio uliomwezesha kufika. Siku ya mahafali anavuliwa joho, na pamoja na joho anavuliwa mpaka. Huko nje hapana mtu wa kumwambia "hapa yatosha kwa sasa".

Na wanaouza au kugawa elimu mtandaoni hawana sababu ya kumwambia hivyo. Aliyetengeneza kozi atakwambia uichukue na inayofuata. Anayetoa video atakuomba usiondoke. Hata zile programu za akili unde zilizoenea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, ambazo hujibu kila swali kwa upole wa ajabu, hujibu ulichouliza; ukiziuliza maswali mia, zitakupa majibu mia, nawe utabaki na bahari ileile, ila sasa inakuja kwa glasi.

Hekima ya kumwekea mwanafunzi mpaka si jambo tulilojifunza kutoka vyuo vya kigeni. Katika vyuo vya dini vya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, mwanafunzi wa fikihi hakukabidhiwa rafu nzima ya vitabu. Alianza na matini fupi, mathalani Safinat an-Naja, kijitabu ambacho kingeweza kuhifadhiwa kwa moyo. Alikisoma mbele ya shehe neno kwa neno. Baada ya hicho ndipo alipopanda kwenye kitabu kikubwa zaidi, na baada ya matini ndipo ilipokuja sherehe, yaani ufafanuzi wa matini, na pembeni mwa sherehe yakaja maelezo ya wengine. Elimu ile ilikuwa na vitabu vingi mno, karne kwa karne, na mabishano yasiyo na idadi. Walioifundisha walijua kwamba mtu akianzia kwenye mabishano atazama. Ngazi yao ilikuwa na vipawa vilivyopangwa, na shehe ndiye aliyesema lini mguu uinuliwe.

Hata waliojisomea mbali na mwalimu walikuwa na mpaka, ingawa uliletwa na posta. Tom Mboya, alipokuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950, alijisomea kwa barua kupitia chuo kimoja cha Afrika Kusini, Efficiency Correspondence College, kabla hajaenda Ruskin College kule Oxford mwaka 1955. Na mwaka 1967 Chuo Kikuu cha hapa Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo kwa posta, ambacho kiliwapandisha vyeo walimu wengi wa shule za msingi kwa vijitabu na vipindi vya redio. Walimu wenzangu wa umri mkubwa watakumbuka jinsi masomo ya namna hiyo yalivyokwenda: fungu la kwanza linafika, unalisoma, unajibu maswali, unayatuma, unangoja. Fungu la pili halikuja mpaka la kwanza limerudi na alama nyekundu. Tulikiona kingojeo hicho kuwa adhabu. Sasa naona kwamba ndani yake kulikuwa na ulinzi.

Hapa najua msomaji mmoja atasimama aseme: je, Mwalimu, wataka turudi kwenye ufukara? Atanitajia kisa cha William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeacha shule mwanzoni mwa karne hii kwa kukosa karo wakati wa njaa, akaingia katika maktaba ndogo ya Wimbe, akakuta kitabu kiitwacho Using Energy, na kwa kuisoma michoro yake zaidi ya maneno yake, akaunda kinu cha upepo kwa fremu ya baiskeli na vyuma chakavu hadi nyumba yao ikawaka taa. Watu hupenda kukitumia kisa hiki kuthibitisha kwamba kitabu kimoja chatosha. Mimi sikubaliani nao. Uhaba wa vitabu umeua vipaji vingi kuliko ulivyokuza, na aliyekosa kitabu hatuandikii habari zake kwa sababu hatumjui. Wala Kamkwamba mwenyewe hakubaki na vitabu vya Wimbe. Alisoma hadi chuo cha Dartmouth, Marekani, akahitimu mwaka 2014. Ninachokiona katika kisa chake ni kingine. Aliingia maktaba akiwa na giza la nyumbani kwao kichwani. Giza hilo ndilo lililomchagulia kurasa.

Hilo ndilo nililolitumia kwa jirani yangu. Sikumpa kitabu, wala sikumpangia ratiba. Ratiba alikuwa nazo nne, zimechorwa kwa rangi, ukutani. Nilimuuliza tu katika ploti yetu ni jambo gani linalomkera ambalo umeme waweza kulitatua. Hakusita hata kidogo. Maji.

Maji ya mfereji huku kwetu huja kwa zamu, na yakija huingia tangi la chini, kisha pampu huyapandisha hadi tangi la juu ya paa. Msimamizi wa ploti akisinzia, tangi la juu hufurika na maji ya thamani hutiririka ukutani usiku kucha. Tangi la chini likikauka pampu ikiwa ingali inanguruma, pampu huungua. Mara mbili imeungua, na mara zote mbili wapangaji tumechangishwa. Kijana akasema ataunda kifaa cha kupima kina cha maji kwa mawimbi ya sauti na kuizima pampu kwa programu. Alikuwa tayari kuanza kozi ya kumi na mbili.

Kabla hajaianza nilimpeleka kwa fundi bomba wa mtaa, mtu ambaye hakupita kidato cha pili. Fundi alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Kijana wangu, hiyo ni kazi ya boya." Akamweleza kwamba swichi ya boya ikining'inizwa katika tangi la juu hukata umeme maji yanapoliinua, nyingine ikiwekwa chini huukata maji yanapokwisha. Boya mbili, na waya. Hakuna programu.

Nilidhani atavunjika moyo. Kinyume chake, aliporudi nyumbani alikuwa akicheka, na kwa mara ya kwanza akafuta kitu katika tarakilishi yake. Kozi tatu zilikwenda jioni hiyo, kwa kuwa swali alilotaka kuzitumia kulijibu lilikuwa limekwisha jibiwa. Hii ni faida ya kuwa na swali halisi ambayo vitabu vya kufundisha namna ya kusoma huisahau: swali hukuonyesha pia kile ambacho huna haja ya kukijua.

Likabaki jambo moja ambalo boya haliwezi. Kila mwisho wa mwezi huzuka ugomvi juu ya bili, kila mtu akidai kwamba maji yaliyopandishwa hayafiki kiasi alichotozwa. Kijana akaamua kuunda kifaa cha kuandika pampu imefanya kazi dakika ngapi kwa siku. Tulikaa naye tukaandika katika karatasi moja mambo ambayo hana budi kuyajua. Yalikuwa matatu. Kwanza, jinsi ya kutambua kwamba umeme unapita bila kuugusa, maana volti 240 hazina mzaha. Kuna kibanio cha kupimia mkondo ambacho huvishwa juu ya waya bila kuukata. Pili, jinsi kifaa kitakavyoijua saa hata stima ikipotea, jambo linalohitaji saa ndogo yenye betri yake. Tatu, jinsi ya kuziandika tarakimu mahali zisipofutika. Kwa mambo hayo matatu alihitaji sura nne za kitabu kimoja na sehemu ya kozi mbili kati ya zile kumi na moja. Yaliyosalia yote aliyaandika katika daftari tulilolipa jina la "daftari la baadaye".

Daftari hilo nalisifu kuliko kifaa chenyewe. Kinachomfanya msomaji afungue mlango wa pili kabla ya kutoka wa kwanza ni hofu: hofu kwamba akilipita jambo hili sasa hataliona tena. Akiliandika, hofu hutulia. Baada ya mwezi alilifungua daftari na kukuta mambo arobaini na kitu. Akaniambia kwamba zaidi ya nusu hakumbuki hata kwa nini aliyataka.

Kifaa kilimchukua wiki sita, na programu yake ina mistari isiyozidi sabini. Kujua kiasi cha maji kulikuwa rahisi kuliko alivyodhani. Alipanda juu ya paa na mtungi wa lita 20 na saa ya mkononi: mtungi ulijaa kwa nusu dakika. Basi dakika moja ni lita 40, na siku ambayo pampu imefanya kazi dakika 50, zimepanda lita 2,000. Ugomvi haujaisha, kwa kuwa wanadamu ni wanadamu, ila sasa wanagombana juu ya tarakimu zilizoandikwa. Kazi ya kuajiriwa bado hajaipata, nami sitamdanganya mtu kwamba kifaa cha maji ni barua ya ajira. Ploti mbili jirani zimemwita awatengenezee kama hicho, na zimemlipa.

Kuna tego jingine ambalo hata mwenye swali zuri hunaswa nalo, na hapa naomba walimu wanisikilize. Mtu anaposoma maelezo mazuri mara ya pili na ya tatu, huyaona yamekuwa mepesi, naye hudhani wepesi huo ndio kujua. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wanafunzi wao. Kifungu kimoja walikisoma mara mbili. Cha pili walikisoma mara moja, kisha wakafunika karatasi na kuandika waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano, kilichosomwa mara mbili kilikuwa mbele: asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yakapinduka: walikumbuka asilimia 56 ya kile walichojipima, na asilimia 42 ya kile walichorudia kusoma. Kijana anayetazama video hadi saa nane za usiku yumo katika zile dakika tano za mwanzo. Anajiona mbele. Wiki ikipita haoni kitu, ndipo asemapo kwamba akili yake imechakaa, kisha atafute video nyingine yenye maelezo mazuri zaidi.

Jaribio ninalolipendekeza kwa wanaojisomea hapa Kware halihitaji bando. Funga tarakilishi, umtafute mtu asiyelijua somo lako, umweleze kwa Kiswahili. Nasema Kiswahili kwa makusudi. Tumesomea fani hizi zote kwa Kiingereza, na mtu aweza kuyapanga maneno ya Kiingereza kwa mfuatano unaopendeza bila kuelewa hata moja, kama kasuku. Akilazimika kuyahamisha, atajua mara moja pasipo na kitu ndani. Asisingizie uhaba wa istilahi: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990, na ukinzani, mkondo na nishati ni maneno yaliyomo vitabuni siku nyingi. Jirani yangu alimweleza msimamizi wa ploti jinsi kibanio kinavyohisi mkondo. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu msimamizi aliuliza swali ambalo kijana hakuweza kulijibu, na swali hilo likawa somo la juma lile.

Matangazo ya kazi nayo yanastahili lawama. Kijana hufungua tangazo, akakuta mwajiri mmoja ataka mtu ajuaye lugha nne za programu, mifumo mitano ya kuhifadhia takwimu, na uzoefu wa miaka mitatu katika kila kimoja. Huichukua orodha hiyo akaifanya muhtasari wa masomo. Orodha ya namna hiyo aghalabu huandikwa na mtu wa ofisini anayekusanya matamanio ya idara nzima. Mtu mmoja mwenye sifa hizo zote ni nadra. Kuisoma kama ratiba ni sawa na kuingia sokoni Gikomba ukajaribu kila vazi kwa kuwa yote yananing'inia.

Sasa nirejee kwetu walimu. Kwa muda wote wa mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na ambao sasa unaondoka hatua kwa hatua, tulimkabidhi mwanafunzi kitabu kilichoidhinishwa, tukampa mada, tukampa mtihani. Mfumo mpya wa umilisi wajinasibu kumfundisha mtoto kujifunza, nami nautakia heri. Lakini sijaona somo ambamo mtoto hupewa alama kwa kuacha. Ni jambo lisilogharimu fedha. Wape kidato cha tatu vitabu vitatu vyenye sura ya sumaku. Uwaulize wangekichukua kipi kama wana saa mbili tu, kurasa zipi wangeziruka, na kwa sababu gani. Sahihisha sababu. Chuoni, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapoleta pendekezo la mradi wake, mhadhiri aitake orodha ya mambo ambayo mradi hautayagusa, iwe ndefu kuliko orodha ya yale utakayoyagusa.

Hapa mtaani wamekwisha kukusanyika wanne: kijana wangu wa umeme, binti mmoja wa takwimu, na wawili waliosomea tarakilishi. Hukutana Jumamosi alasiri katika darasa la shule moja ya binafsi ambayo mwenyewe huwaachia ufunguo. Kila mmoja huleta swali moja na kitabu kimoja, na wenzake wana haki ya kumuuliza kwa nini amefungua cha pili. Wakihitaji utulivu zaidi hupanda matatu hadi maktaba ya Buruburu, au ile ya Makadara iliyo tawi la Maktaba ya McMillan. Wanachokikosa si chumba wala vitabu. Wanamkosa mtu aliyekwisha pita njia ya somo lao, ambaye atawaambia kipi kije kwanza.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji walio wahadhiri, wahandisi na walimu wa sayansi ni dogo. Haliwataki kuja Kware, na najua foleni ya Outer Ring Road ilivyo. Chukueni somo mlijualo vyema, mwandike ukurasa mmoja: kitabu kipi mtu aanze nacho, sura zipi asome, zipi aziruke kwa sasa, na zoezi gani akilifanya bila kutazama jibu ajue kwamba aweza kusonga mbele. Ukurasa mmoja tu. Kisha mpeni mhitimu aliye jirani yenu.